Taifa Lililoishi Bila Televisheni



Juma lililopita, katika mafundisho ya Kipaimara, niligusia kwa kupita kwamba Tanzania Bara ilikaa miaka zaidi ya thelathini ya uhuru wake pasipo kuwa na kituo hata kimoja cha televisheni. Vijana waliangua kicheko, wakidhani nawatania. Mmoja wao, baada ya kuhakikishiwa na katekista kwamba ni kweli tupu, aliuliza: “Padre, sasa jioni watu walikuwa wanafanya nini?” Swali hilo limenifuata juma zima, hata nimeona vema tafakari yetu ya leo iwe juu ya historia hiyo. Tunaikumbuka kidogo mno, na huenda tunaihitaji kuliko tunavyodhani.

Tuanze na majirani. Huko Nigeria, kituo cha Ibadan kilianza kurusha matangazo tarehe 31 Oktoba 1959, bendera ya Uingereza ikiwa bado inapepea. Kenya ilipata televisheni mwaka 1962, nayo Uganda mwaka 1963. Katika miaka hiyo kuwa na televisheni kulihesabiwa kama kuwa na wimbo wa taifa na shirika la ndege: alama ya kwamba taifa limefika. Yale ambayo chombo hicho kingeonesha yalikuja kufikiriwa baadaye. Kwa jirani zetu wa Zaire, wakati wa utawala wa Mobutu, taarifa ya habari ya jioni ilitanguliwa na picha ya sura ya rais ikishuka kutoka mawinguni. Sina haja ya kuwaeleza Wakristo maana ya mtu kujionesha akishuka juu ya mawingu.

Visiwani Zanzibar nako kuna kisa cha pekee. Mzee Abeid Amani Karume alikusudia wananchi wake wawe na televisheni, tena ya rangi, katika siku ambazo nchi nyingi tajiri zilikuwa bado na picha nyeusi na nyeupe. Yeye mwenyewe hakuiona, kwa maana aliuawa Aprili 1972. Lakini kazi iliendelea chini ya Mzee Aboud Jumbe, na ilipofika Januari 1974, katika sherehe za kutimiza miaka kumi ya Mapinduzi, Televisheni Zanzibar ilikuwa hewani. Ndiyo iliyokuwa televisheni ya rangi ya kwanza katika Afrika iliyo kusini mwa Jangwa la Sahara. Afrika ya Kusini, pamoja na dhahabu na viwanda vyake vyote, ilianza rasmi matangazo ya televisheni tarehe 5 Januari 1976, miaka miwili baada ya visiwa vya karafuu.

Basi katika Muungano mmoja zikawapo njia mbili, kwa sababu mambo ya utangazaji kila upande ulijiamulia wenyewe. Zanzibar walitazama, Bara tulisikiliza. Na kwa kuwa mawimbi hayaulizi pasi ya kusafiria, baadhi ya wenye uwezo katika mwambao wa Bara, Dar es Salaam ikiwamo, walisimamisha antena ndefu juu ya mapaa wakazielekeza baharini, wakapata picha za Unguja zikiwa na chenga chenga.

Kwa nini Bara ilikataa? Wengine husema kwa mkato kwamba ulikuwa ni umaskini. Umaskini ulikuwapo, lakini kulikuwa na jambo zaidi. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikuwa limeonya waziwazi kwamba miji inaweza kuwa mnyonyaji wa vijiji, kwa sababu mikopo ya nje hutumika zaidi mijini na hulipwa kwa jasho la mkulima. Sasa litazameni suala la televisheni kwa jicho hilo. Mitambo ingenunuliwa kwa fedha za kigeni zilizopatikana kwa pamba, kahawa na katani. Seti zenyewe zingehitaji umeme, na umeme ulikuwa mijini tu, tena si kwa wote. Kwa hiyo mkulima wa Sikonge au Namtumbo angelipia burudani ya ofisa wa Oysterbay. Mwalimu Julius Nyerere na wenzake waliona kwamba chombo cha namna hiyo kingekuwa anasa ya wachache na kingezidi kuwatenga wananchi, wenye nacho upande huu na wasio nacho upande ule. Hawakukataa kwa sababu televisheni ni dhambi. Swali lao lilikuwa: ni ya nani, na nani atailipia?

Inafaa kulinganisha na kukataa kwa namna nyingine. Serikali ya ubaguzi wa rangi ya Afrika ya Kusini nayo ilikataa televisheni kwa miaka mingi, ikiwa na uwezo wote wa kuinunua. Wakuu wake waliogopa kwamba vipindi kutoka ng'ambo vingedhoofisha lugha ya Kiafrikaans na kuleta mawazo ya watu wa rangi mbalimbali kukaa pamoja. Wanadamu walipotua mwezini Julai 1969, raia wa nchi ile yenye utajiri mkubwa hawakuweza kulitazama tukio lile moja kwa moja majumbani mwao. Nako Malawi, chini ya Dk. Kamuzu Banda, hakukuwa na televisheni, na ilianza mwaka 1999 baada ya utawala wake kupita. Kwa nje mataifa haya yalifanana na letu. Kwa ndani, makusudi yalikuwa mbalimbali, na sisi mapadre, tunaoketi katika kiti cha maungamo, tunajua jinsi tendo moja linavyoweza kuwa na makusudi mengi.

Walakini haki inanidai niseme pia upande wa pili. Serikali iliyoinyima nchi televisheni ndiyo iliyokuwa imeishika redio, na kwa miaka mingi mwananchi alisikia sauti moja tu. Si kila aliyefurahia ukimya ule alifurahi kwa ajili ya mkulima.

Lakini redio ile ilifanya kazi! Mwaka 1973 iliendeshwa kampeni ya “Mtu ni Afya”. Makundi ya watu walioketi chini ya miti na katika madarasa, wenye redio moja na kitabu chepesi, walisikiliza kipindi, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo, kufyeka vichaka na kuchemsha maji. Watu wapatao milioni mbili walishiriki. Mwaka 1975 ikafuata “Chakula ni Uhai”. Angalieni utaratibu wenyewe: kusikiliza, kujadiliana, kutenda. Ni utaratibu unaofanana sana na ule wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, ambazo maaskofu wetu wa Afrika Mashariki walizipa kipaumbele katika miaka ile ile ya sabini. Basi kijana wangu wa Kipaimara, hilo ni sehemu ya jibu la swali lako. Jioni watu walikuwa wanajadiliana.

Wala tusidhani kwamba sikio ni takatifu kuliko jicho. Mtume Paulo aliiunganisha imani na kusikia, ni kweli, lakini katika Rwanda, mwaka 1994, ilikuwa redio iliyowachochea watu kuwaua jirani zao, na miongoni mwa waliochochewa walikuwamo wabatizwa wenzetu.

Nije sasa kwa mtu mmoja ambaye jina lake linastahili kujulikana zaidi nchini mwetu. Mohamed Amin alizaliwa Nairobi mwaka 1943, akakulia Tanganyika, na kampuni yake ya picha aliianzisha Dar es Salaam akiwa bado kijana wa miaka ishirini hivi. Mwezi Oktoba 1984, akiwa na mwandishi Michael Buerk wa BBC, alifika Korem na Mekele, kaskazini mwa Ethiopia, akapiga picha za maelfu ya watu waliokuwa wakifa kwa njaa katika baridi ya alfajiri. Picha hizo zilioneshwa Uingereza tarehe 23 Oktoba 1984, kisha zikachukuliwa na mamia ya vituo ulimwenguni. Njaa yenyewe haikuwa siri. Mashirika ya misaada, ya Kanisa yakiwamo, yalikuwa yamekwisha kupiga kelele kwa muda mrefu, na taarifa zao zikabaki makabatini. Zilipoonekana nyuso, fedha zilifunguka, na tarehe 13 Julai 1985 likafanyika tamasha kubwa la muziki lililounganisha London na Philadelphia kwa setilaiti. Amin alipoteza mkono katika mlipuko wa ghala la silaha huko Addis Ababa mwaka 1991, akaendelea kupiga picha kwa mkono wa bandia. Alifariki tarehe 23 Novemba 1996, ndege ya Ethiopia iliyotekwa nyara ilipoanguka baharini karibu na Komoro.

Mtu aliyeanzia kazi yake Dar es Salaam aliwaonesha walimwengu wote mateso ya Waafrika, na Watanzania wa Bara walikuwa katika wachache ambao hawakuweza kuyaona nyumbani kwao. Waliyasikia redioni na kuyasoma magazetini. Je, tulipungukiwa? Naamini ndiyo. Msamaria mwema, kabla ya kuhurumia, aliona. Hapa nakiri kwamba hoja ya Mwalimu, iliyo nzuri sana juu ya bei ya seti, haikuweza kupima thamani ya jambo hili.

Kwa upande mwingine, fikirini Septemba 1990. Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili alikuja nchini kwetu, akakaa kuanzia tarehe 1 hadi 5, akizuru Dar es Salaam, Songea, Mwanza, Tabora na Moshi. Alikuwa mtu aliyetazamwa kwenye televisheni kuliko Papa yeyote aliyemtangulia, naye akaja katika nchi isiyo na televisheni. Aliyetaka kumwona ilimpasa aende. Waliokuwapo husimulia habari za malori, za safari za miguu, za kulala uwanjani na vikapu vya chakula, watoto mgongoni. Zakayo angewaelewa. Nimewasikia wazee wakisimulia siku ile kwa machozi, nami sijapata kusikia mtu akisimulia hivyo juu ya kitu alichokitazama sebuleni.

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka. Kanda za video zilikuwa zimekwisha kuingia tangu biashara ilipolegezwa katikati ya miaka ya themanini, na mabanda ya kuoneshea sinema yakachipuka kila mtaa. Mwenye uwezo alitazama, na asiye na uwezo alilipa kiingilio, hivyo ule utengano ulioogopwa ukaja kwa mlango wa nyuma. Sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 ikaruhusu vituo binafsi. Mwaka 1994 vilianza CTN, DTV, na ITV ya marehemu Reginald Mengi. Mwaka huo huo Jimbo Kuu la Dar es Salaam lilianzisha Radio Tumaini. Televisheni ya Taifa ilikuja karne ikiwa ukingoni, ikiwa imetanguliwa na watu binafsi, jambo lisilo la kawaida barani Afrika.

Na tarehe 14 Oktoba 1999 Mwalimu aliaga dunia huko London. Mwili wake uliporejea, vituo vya televisheni vilikuwapo, na wengi walimlilia mbele ya kile chombo alichokuwa amewakatalia. Aliyepanda kwa miguu kwenda Misa ya asubuhi akazikwa Butiama, nchi ikitazama.

Labda mtauliza, Mama Kanisa alisema nini wakati huo wote? Hakukaa kimya. Papa Pio XII aliandika juu ya sinema, redio na televisheni mwaka 1957, na mwaka uliofuata ikatangazwa kwamba Mtakatifu Klara wa Asizi amewekwa kuwa msimamizi wa televisheni. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati yake juu ya vyombo vya upashanaji habari tarehe 4 Desemba 1963, siku moja na ile hati kuu ya Liturujia, na tangu mwaka 1967 tunaadhimisha kila mwaka Siku ya Upashanaji Habari Ulimwenguni. Wengi hutabasamu wasikiapo habari ya Klara, mtawa wa karne ya kumi na tatu. Lakini sababu yake inagusa. Usiku wa Noeli mwaka 1252 alikuwa mgonjwa, hakuweza kwenda kanisani pamoja na dada zake, naye akajaliwa kuiona na kuisikia ibada akiwa kitandani mwake.

Mwaka jana nilimpelekea Komunyo mama mmoja mgonjwa, ambaye hajatoka nyumbani kwa muda mrefu. Alikuwa akifuata Misa katika televisheni. Aliizima nilipoingia, akaniomba radhi kana kwamba nimemkuta na kosa. Nilimwambia habari za Klara. Alicheka, kisha akasema kwamba Misa ya kwenye runinga anaipenda, ila hakuna anayemwuliza amelalaje.

Nakumbusha kwamba jumuiya zetu hukutana Jumatano saa kumi na moja jioni. Nina taarifa kwamba katika baadhi ya jumuiya wanahudhuria watu watano au sita, na sala hufupishwa ili tamthilia isipite. Viongozi wa jumuiya wapange pia zamu za kuwatembelea wagonjwa.

Tena, wazee mliokuwapo Septemba 1990, Songea, Tabora au popote pale, nawaomba mfike ofisi ya parokia baada ya Misa ya pili. Vijana wa Kipaimara watakuwapo na madaftari kuandika masimulizi yenu.

Nawatakieni nyote Dominika njema.