Tanga: Mji Uliopewa Kazi Ukanyimwa Ufundi

Sensa ya 1967 iliikuta Tanga ikiwa mji wa pili kwa ukubwa Tanzania Bara, ikizidiwa na Dar es Salaam peke yake. Ilikuwa na wakazi 61,058, wakati Mwanza haikufika hata 35,000. Sensa iliyofuata, ya 1978, Mwanza ilikuwa imeshaipita, na tangu hapo Tanga husimuliwa kwa sauti ya msibani: viwanda vilivyofungwa, mashamba ya mkonge yaliyomezwa na pori, vijana wanaodamkia basi la Dar es Salaam kwenda kutafuta maisha. Wasimulizi wengi huanza hesabu yao mwaka 1967, Azimio la Arusha lilipotangazwa, au katikati ya miaka ya 1980, mageuzi ya uchumi yalipobisha hodi. Kuanzia hapo ni kuchelewa mno. Ukosefu wa ajira wa Tanga ulipandwa pamoja na ajira zenyewe. Kwa miaka sabini mkoa huu ulipewa kazi kwa maelfu, lakini ule ufundi unaomwezesha mtu au mji kuhama kutoka kazi moja kwenda nyingine uliwekwa mahali pengine, na mara moja uliondolewa hapa kwa makusudi.

Mwanzo wenyewe ulikuwa wa kubahatisha. Wajerumani walianza kujenga reli ya Usambara kutoka Tanga mwaka 1893 wakitazamia kwamba itashusha kahawa ya milimani hadi bandarini. Kahawa ikawaangusha, udongo wa Usambara haukuwa na rutuba waliyoidhania, na bei nayo ikaporomoka. Wakageukia mpira, mashamba yakaenea pande za Muheza, hadi 1913 mpira wa Malaya ulipofurika sokoni na kuufuta ule wa hapa. Kilichoiokoa reli ni mmea usio mwenyeji. Mwaka uleule wa 1893 Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika ikiwa hai ni 62 tu, ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Kutoka kwenye miche hiyo ndipo yalipozaliwa mashamba yaliyoifanya Tanganyika mzalishaji mkubwa kuliko wote duniani. Katika miaka ishirini, basi, mkoa ulikuwa umejaribu mazao matatu makubwa, na kila mara hatima ya watu wake ikaamuliwa na bei iliyopangwa bahari ya pili. Somo la kahawa na la mpira lilikuwa wazi, ila waliolielewa hawakuwa na sababu ya kulijali, kwani mtaji wao ungeweza kuhama.

Kazi ya mkonge haihitaji maelezo marefu, na hapo ndipo penye tatizo. Mkataji huingia shambani alfajiri kabla jua halijachoma. Huinama, hukata majani ya chini kwa kisu, huondoa mwiba wa nchani, hufunga majani 30 kwa kila mzigo, kisha huibeba mizigo yake hadi kando ya reli ndogo ya shamba. Jani likifika kwenye korona, yaani mashine ya kuchakata mkonge, huparurwa, nyama yake ya kijani humwagwa pamoja na maji, na kinachobaki, takriban asilimia 4 ya uzito wake, ndiyo singa inayoanikwa juani, ikapigwa brashi na kufungwa marobota. Mtu akiifanya kazi hii miaka ishirini huondoka na mgongo unaouma na ujuzi usiohitajika popote pengine. Wabondei, Wazigua, Wadigo na Wasambaa waliokuwa na mashamba yao waliipima wakaona hailipi. Walikubali kufanya kibarua cha kumaliza kipande cha siku 30 walipotaka fedha ya kodi au ya nguo, wakarudi kwenye mihogo, minazi na migomba yao. Wazungu wenye mashamba wakaliita jambo hilo uvivu, neno ambalo halijaondoka mjini hadi leo, kisha wakatafuta watu mbali: Waha kutoka Kigoma, Wabena kutoka Njombe, wengine kutoka Burundi na Msumbiji. Hao ndio manamba. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda chombo chao cha kuajiri, SILABU, kikawasomba watu kwa mikataba na kuwalaza katika makambi yaliyojengwa kwa makadirio kwamba siku moja watarudi kwao. Mpango mzima ulitegemea dhana kwamba mfanyakazi ana shamba na ukoo mahali pengine. Ndiyo maana mshahara haukuhitaji kumlea mkewe, kumsomesha mwanawe, wala kumtunza uzeeni.

Kuna kisa kimoja cha miaka ya 1930 kinachostahili kujulikana na kila mkazi wa Tanga. Kampuni iliyoitwa Tanganyika Cordage ilifungua kiwanda cha kusokota kamba na nyuzi kutokana na mkonge wa papa hapa, ikaanza kuuza Uingereza kwa bei iliyokuwa chini ya ile ya wasokotaji wa huko. Wasokotaji hao walipiga kelele London. Serikali ya kikoloni, badala ya kushangilia kwamba koloni lake limeongeza thamani ya zao lake, ilikibana kiwanda kwa masharti ya bei na kiasi cha kuuza, na kabla muongo haujaisha kilikuwa kimefungwa. Tukio ni dogo ukilipima kwa idadi ya watu waliopoteza kazi, ila ni kubwa ukilipima kwa njia iliyozibwa. Kiwanda cha kamba huzaa fundi wa mashine, mkaguzi wa ubora, mtu wa masoko, karakana ya vipuri, na baadaye kiwanda cha mazulia au magunia. Tanga ingeanza kujifunza hayo miaka thelathini kabla ya uhuru. Ilibaki kupakia singa melini, na viwanda vya kusokota vilipokuja kuenea, miaka ya 1960 na 1970, nyuzi za plastiki zilikuwa zimeshaingia katika soko lilelile.

Hapa msomaji atadai kwamba tunalikwepa Azimio la Arusha. Hoja yake inajulikana: mwaka 1964 nchi ilizalisha mkonge wapata tani 230,000, mwaka 1967 serikali ikataifisha sehemu kubwa ya mashamba, na mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa umebaki tani 20,000 hivi. Nani hajui kuunganisha nukta hizo? Hoja hii ina ukweli wake, na asiyeukubali hajawahi kusoma hesabu za shirika la umma. Mashamba yaliendeshwa kutoka ofisini, vipuri vya korona vilikosa fedha za kigeni, na shilingi iliyopewa thamani kuliko uwezo wake ilimnyonga kila aliyeuza nje. Lakini mkonge una kalenda yake, nayo haidanganyi. Mmea huchukua kama miaka mitatu kabla ya kukatwa mara ya kwanza, hukatwa kwa miaka kadhaa, kisha hutoa mlingoti na kufa. Asiyepanda upya leo ataona pengo miaka mingi baadaye, wakati mwingine baada ya shamba kupata mwenyewe mwingine. Kati ya 1964 na 1967 bei ya mkonge duniani ilishuka kwa zaidi ya nusu, kwa sababu kamba za plastiki zilianza kufunga nyasi katika mashamba ya Marekani na Ulaya, na Brazili nayo ilikuwa imeshaingia sokoni. Wenye mashamba walipunguza kupanda kabla serikali haijawagusa. Kenya, ambako mkonge ulibaki mikononi mwa watu binafsi, uzalishaji ulishuka pia, ingawa haukufika chini kiasi kile. Azimio, basi, linabeba lawama ya kumuuguza vibaya mgonjwa aliyepokewa akiwa hoi, na hiyo si lawama ndogo. Ila ugonjwa alikuja nao.

Viwanda vya miaka ya 1970 vilikusudiwa kuwa tiba. Tanga ilipata kiwanda cha mbolea, kiwanda cha chuma na, mwaka 1980, kiwanda cha saruji cha Pongwe. Kwa muda mambo yalionekana kunyooka, na mitaa ya Ngamiani, yenye barabara zake zilizopewa namba tangu ya 1 hadi ya 21, ilijaa watu wa zamu. Tazama, hata hivyo, kipi kilidumu. Kiwanda cha mbolea kilitegemea malighafi kutoka nje, zilizonunuliwa kwa fedha za kigeni ambazo mkonge ulikuwa umeacha kuzileta. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kilikuwa kimefungwa. Saruji ilidumu kwa sababu mawe ya chokaa yapo hapohapo na wajenzi wako nchi nzima. Wakati huohuo bandari ilikuwa ikipokonywa wateja kimyakimya: reli ya kiungo kati ya Ruvu na Mnyusi, iliyokamilika 1963, ilifungua njia ya mizigo ya Moshi na Arusha kwenda Dar es Salaam, kisha barabara ya lami ikamalizia. Kila uamuzi ulikuwa na mantiki ukiutazama kutoka makao makuu.

Je, watu waliishije baada ya hapo? Takwimu hazisaidii sana, kwa kuwa kipimo cha kimataifa humhesabu kuwa na kazi mtu yeyote aliyefanya kazi ya kipato hata saa moja katika wiki iliyotangulia. Kwa kipimo hicho muuza vitumbua wa barabara ya 12 ana ajira, dereva wa bodaboda anayemaliza siku akidaiwa na mwenye pikipiki ana ajira, na deiwaka wa bandarini aliyepata zamu moja naye yumo. Wote wanahangaika, na wachache wana kazi inayoweza kuwapeleka kwenye kazi nyingine. Huko mashambani, vizazi vya manamba ambao hawakurudi kwao vilibaki katika makambi ya mashamba yaliyokufa, vikilima mahindi katikati ya mistari ya mkonge mzee bila hati ya ardhi, vikiwa wenyeji kwa kuzaliwa na wageni kwa sheria.

Ile hoja ya uvivu hurudi hapa, safari hii ikivaa kanga: kwamba Tanga ni mji wa taarabu, mahaba na viburudisho, na mtu wake hapendi kujichosha. Jibu liko Muheza, kwenye machungwa. Hakuna aliyewasukuma wakulima wadogo kuyapanda, na bado yamejaza malori ya masoko ya Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa. Liko pia kwenye maziwa. Tangu miaka ya 1990 kiwanda cha Tanga Fresh kimekuwa kikikusanya maziwa kutoka kwa wafugaji wadogo kupitia vyama vyao vya ushirika, wengi wao wakiwa na ng'ombe wawili watatu nyuma ya nyumba. Penye mlolongo unaoeleweka, watu wa mkoa huu huamka saa kumi alfajiri. Tofauti kati ya machungwa na maziwa, kwa kweli, ndiyo hoja nzima ya makala haya kwa udogo wake: maziwa husindikwa Tanga na mfugaji hujua bei yake, ilhali chungwa huondoka bichi, na mkulima mwenye shida huliuza lingali ua, kwa bei anayoitaja mwenye lori.

Sasa kuna matumaini mapya, na ni makubwa. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, lenye urefu wa kilomita 1,443, linaishia Chongoleani, kaskazini mwa mji. Bandari imechimbwa kina hadi mita 13, hivyo meli zinatia nanga gatini badala ya kushusha mizigo kwa matishari katikati ya ghuba. Asiyefurahi ana moyo mgumu. Lakini bomba huajiri maelfu linapojengwa na wachache linapofanya kazi, na gati lenye kina huhitaji mikono michache kuliko tishari. Watetezi wa miradi hii husema faida itakuja kwa mzunguko: hoteli, malori, nyumba za kupanga, kodi. Huenda ikaja. Mkonge nao ulileta mzunguko wa namna hiyo, ukajenga hoteli na majumba ya Raskazone, na ulipoondoka mzunguko ukaondoka nao. Cha kuuliza ni vijana wangapi wa Mkinga na Pangani watatoka Chongoleani wakiwa na cheti cha uchomeleaji kinachokubalika Mtwara au Lamu, na karakana ngapi za vipuri zitasajiliwa Tanga badala ya kuletwa na mkandarasi na kuondoka naye.

Swali hilohilo liko kwenye mkonge wenyewe, ambao umeanza kufufuka. Mashamba yaliyobinafsishwa mwaka 1998 yalikuja kurudishwa kwenye usimamizi wa umma, serikali ikaweka lengo la tani 120,000 ifikapo 2025, na katika mashamba kama Hale, Magoma na Ngombezi wakulima wadogo waliopewa vitalu wanauza kupitia vyama vyao vya msingi. Hilo ni badiliko la kweli: mjukuu wa manamba sasa anaweza kuwa na mkonge wake. Ila jani likishakatwa halisubiri. Lisipofika kwenye korona ndani ya siku chache hukauka na singa huharibika. Mkulima mwenye hekari kumi zilizostawi anapanga foleni kwenye mashine isiyo yake, inayoharibika mara kwa mara, na anayeimiliki ndiye anayeamua nani avune wiki hii. Asilimia 96 ya jani bado humwagwa, ingawa jaribio la Hale lililoanza katika miaka ya 2000 lilionyesha kwamba mabaki hayo hutoa gesi ya kuzalisha umeme. Chama cha msingi kinachonunua korona yake, kikasomesha mafundi wake na kuuza uzi badala ya robota, kitakuwa kinaanzia pale Tanganyika Cordage ilipozuiwa, na mara hii hakuna London ya kukikataza. Kinachokosekana ni mkopo wa muda mrefu unaolingana na mmea wa miaka mitatu, na benki nyingi hutaka marejesho yaanze mwaka wa kwanza.