Hesabu Chini ya Sala: Barua ya Archimedes Iliyochelewa Kufika

Zamani tulipoanza kazi ya ualimu, tuliandika ubaoni kwamba mzingo wa duara hupatikana kwa kuzidisha kipenyo kwa 22/7. Mwanafunzi mmoja aliuliza namba hiyo imetoka wapi. Tulimwambia aikariri, kwa maana sisi nasi tulikuwa tumeikariri. Jibu lile lilimnyamazisha, lakini halikumfundisha kitu. Leo tunataka kumjibu kwa haki, na jibu lenyewe linatupeleka kwa Wagiriki wa kale, kisha kwenye kitabu kimoja cha sala.

Archimedes alizaliwa yapata mwaka 287 K.K. huko Syracuse, mji wa Wagiriki katika kisiwa cha Sisilia. Hakupima duara kwa kamba. Alichora ndani ya duara umbo lenye pande 6 zilizo sawa, ambalo mzingo wake ni mara 3 kamili ya kipenyo. Basi mzingo wa duara lazima uzidi hapo. Akachora umbo jingine kama hilo nje ya duara, likiligusa pande zote. Mzingo wa duara lazima uwe mdogo kuliko wa umbo hilo. Kisha akazidisha idadi ya pande: 12, 24, 48, mpaka 96. Duara likabanwa katikati ya maumbo mawili kama mtu anayepita katika njia inayozidi kuwa nyembamba. Mwishoni akathibitisha kwamba mzingo ni zaidi ya mara 3 na 10/71 ya kipenyo, na ni chini ya mara 3 na 1/7. Hiyo 3 na 1/7 ndiyo 22/7 yetu. Yeye hakusema kwamba ndiyo namba kamili. Alisema namba ya kweli haiwezi kuifikia. Sisi tulifundisha mpaka wa jibu kana kwamba ni jibu lenyewe.

Njia hiyo ya kutoa sababu aliitumia pia katika mambo ya nguvu na uzito. Alionyesha kwamba vitu viwili hutulia juu ya wenzo ikiwa kilicho chepesi kimewekwa mbali zaidi na egemeo, kwa kadiri ya tofauti ya uzito wao. Alionyesha kwamba kitu kikizamishwa majini hupungukiwa uzito, na uzito kinaopungukiwa ni sawa na uzito wa maji kiliyoyasukuma. Habari ya taji la mfalme Hiero na ya mtu aliyetoka bafuni akipiga kelele iliandikwa na Vitruvius karibu miaka 200 baadaye, wala haimo katika vitabu vya Archimedes mwenyewe. Lakini kanuni ya maji imo. Watu wa kale walimhesabia pia uvumbuzi wa parafujo kubwa iliyowekwa ndani ya bomba, ambayo ikizungushwa hupandisha maji mpaka shambani. Na Waroma walipouzingira mji wake, mitambo yake iliwazuia kwa muda mrefu. Mji ulitekwa mwaka 212 K.K., naye akauawa na askari, ingawa jemadari Marcellus, kama inavyosimuliwa, alitaka aachwe hai.

Katika kazi zake zote, alijivunia moja hasa. Chukua tufe, yaani umbo la mpira, uliweke ndani ya silinda inayolitosha barabara, juu, chini na kandokando. Ujazo wa tufe ni 2/3 ya ujazo wa silinda, na eneo la uso wake ni 2/3 vilevile. Maumbo hayo mawili yaliwekwa juu ya kaburi lake. Mwaka 75 K.K. Cicero, aliyekuwa mtumishi wa serikali ya Roma huko Sisilia, alilitafuta kaburi hilo akalikuta limefunikwa na miiba. Alilitambua kwa tufe na silinda.

Uthibitisho wa jambo hilo tunao, nao hauna kasoro. Lakini aliligunduaje? Uthibitisho hauelezi. Katika karne ya 17 mwanahisabati Mwingereza John Wallis alimlaumu kwamba alificha njia yake makusudi, kana kwamba aliwanyima watu wa baadaye siri yake. Lawama hiyo haikuwa ya haki. Archimedes alikuwa ameandika kila kitu katika barua kwa Eratosthenes, msimamizi wa maktaba ya Aleksandria huko Misri. Alieleza kwamba huyakata maumbo kwa mawazo katika vipande vyembamba mno, kisha huvitundika juu ya mizani ya mawazo, ili aone umbo gani linalingana na lipi. Alikiri kwamba huko si kuthibitisha bado, ila ni rahisi kutafuta uthibitisho wa jambo ambalo umekwisha kulionja. Akatumaini kwamba wengine, walio hai au watakaozaliwa, wangetumia njia hiyo kugundua mambo asiyoyaona yeye.

Barua hiyo ilinakiliwa juu ya ngozi huko Konstantinopoli katika karne ya 10, pamoja na vitabu vyake vingine. Mwaka 1229 padri Mgiriki alihitaji kitabu cha sala. Ngozi ilikuwa ghali. Kurasa za Archimedes zilikwanguliwa, zikakatwa, zikageuzwa upande na kukunjwa, na juu yake zikaandikwa sala. Kitabu hicho kilikaa muda mrefu katika monasteri ya Mar Saba, karibu na Bethlehemu, kisha kikarudishwa Konstantinopoli. Mwaka 1906 mtaalamu Mdenmarki Johan Ludvig Heiberg alikichunguza, akasoma chini ya sala maneno ya barua iliyodhaniwa kupotea milele. Kitabu kikatoweka tena, kikaonekana mwaka 1998 kikiuzwa New York kwa dola milioni 2. Wataalamu walikipiga picha kwa mianga ya rangi mbalimbali, na baadaye kwa miali ya eksirei iliyotambua chuma cha wino wa zamani, mpaka maandishi mengi yaliyofutwa yakasomeka.

Hapa wengine husema: tazameni, watu wa Kanisa waliiharibu elimu. Wengine hujibu: la, Kanisa ndilo lililoiokoa. Sisi twaona hatuna budi kusikiliza habari yote. Hasara ilikuwepo, wala tusiifunike: waliojenga upya hesabu za vipande vyembamba katika Ulaya ya karne ya 17 walifanya hivyo bila barua ile, nayo ilikuwa imekwisha kuandikwa. Lakini tutazame upande wa pili. Wanachuoni wa Baghdad walikuwa wametafsiri baadhi ya kazi za Archimedes katika Kiarabu tangu karne ya 9. Na mwaka 1269, miaka 40 tu baada ya kukwanguliwa kwa kitabu kile, Mdominiko Willem van Moerbeke, katika makao ya Papa huko Viterbo, alitafsiri sehemu kubwa ya kazi zake katika Kilatini. Nakala mbili za Kigiriki alizotumia zilithaminiwa na wenye elimu, wala hatuna habari kwamba zilikwanguliwa. Zote mbili zimepotea. Iliyobaki ni ile iliyofutwa, kwa sababu kulikuwa na watu walioihitaji kila siku kwa kusali, wakaitunza pasipo kujua walichokuwa wameshika mikononi.

Mwanafunzi yule sasa ni mtu mzima. Kama angeuliza tena leo, tungempa bikari na rula, tumwambie achore duara, kisha pande 6 ndani yake, kisha 12. Tusingetaja 22/7 mpaka yeye mwenyewe aone kwamba mzingo umezidi mara 3 ya kipenyo. Na kama asingefika kwenye pande 96, si kitu; angalau angejua namba ile imetoka wapi.