Kwaresima ya Pwani na Maneno Yake

Mkatoliki wa pwani apigapo magoti siku ya Jumatano ya Majivu, akapakwa pajini jivu la matawi makavu ya Dominika ya Matawi ya mwaka uliopita, ni nadra akumbuke kwamba jina la kipindi anachokianza ni la Kireno, ilhali jina la jambo analoliazimia moyoni, yaani toba, ni la Kiarabu, na lilikuwa likinenwa katika misikiti ya Kilwa na Lamu karne kadha kabla padre wa kwanza hajashuka ufukoni. Atakaye kuijua historia ya Kwaresima yetu hana budi kuyafuata maneno hayo mawili hadi yalikotoka.

Wareno walitia nanga Mombasa na Malindi mwaka 1498, na mwaka 1542 Mtakatifu Fransisko Ksaveri akapita Malindi akiwa safarini kwenda Goa. Lakini dini yao, hasa baada ya kuanza kujengwa Ngome ya Yesu mwaka 1593, ilikaa zaidi chini ya kivuli cha mizinga kuliko katika nyumba za wenyeji. Kisa cha Yusuf bin Hasan chatosha kuwa ushahidi: mwana wa sultani, aliyelelewa Goa na watawa wa Mtakatifu Agostino, akabatizwa kwa jina la Jerónimo, akarudishwa Mombasa atawale, na mwaka 1631 akawageukia walezi wake, akaitwaa ngome na kuirudia dini ya baba zake. Waomani walipoiteka ngome hiyo mwaka 1698, Misa za Wareno zilinyamaza, yakasalia maneno: meza, leso, mvinyo, na moja la ajabu kuliko yote, gereza, ambalo asili yake ni igreja, maana yake kanisa. Kanisa la Wareno lilikuwa ndani ya kuta za ngome, na kuta hizo hizo ziliwafungia watu. Mwenyeji aliyezitazama kwa nje hakuona sababu ya kutenga nyumba ya sala na nyumba ya minyororo. Nasi Wakristo, tulipotafuta jina la nyumba yetu ya ibada, tukaliazima kwa Waarabu.

Waliokuja kuipanda dini upya walikuwa Wafaransa. Padre Armand Fava aliwasili Unguja mwezi wa Desemba 1860 akitoka kisiwa cha Réunion, Mapadre wa Roho Mtakatifu wakamfuatia mwaka 1863, na tarehe 4 Machi 1868 Padre Antoine Horner na wenzake wakaanzisha misheni Bagamoyo, juu ya ardhi waliyopewa na Waislamu. Ukiihesabu kalenda ya mwaka ule utaona kwamba siku hiyo ilikuwa Jumatano ya juma la kwanza la Kwaresima. Miaka 6 baadaye, tarehe 24 Februari 1874, tena katika juma la kwanza la Kwaresima, Chuma na Susi na wenzao waliufikisha mwili wa David Livingstone katika misheni hiyo baada ya safari ndefu ya miguu kutoka bara. Na mapadre Wakatoliki wakampokea maiti yule Mprotestanti, wakamlaza kwao usiku ule.

Katika kijiji cha misheni walikaa watumwa waliokombolewa, watu wa makabila mengi ya bara, ambao lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kiswahili. Altareni walisikia Kilatini. Katekisimu waliisoma kwa Kiswahili. Hapo mapadre walikuwa na hiari ya kuleta maneno yao, na mengine waliyaleta kweli, kwani divai ya Misa ni du vin ya Wafaransa. Lakini kwa mambo ya moyo walichukua yaliyokuwa tayari vinywani mwa watu: dhambi, toba, sadaka, saumu, rehema. Padre Charles Sacleux, aliyefika Unguja mwaka 1879 na ambaye kamusi yake kubwa ya Kiswahili na Kifaransa ilichapishwa mwaka 1939, aliyachunguza maneno ya pwani kwa uvumilivu usio na kifani. Kwangu mimi, uamuzi ule wa kuazima kwa jirani ulikuwa na busara kuliko majengo yote waliyoyajenga, maana uliifanya toba ya Mkristo isikike kuwa jambo la nyumbani.

Zamani saumu haikuwa ya Kwaresima peke yake. Aliyetaka kukomunika alifunga tangu usiku wa manane, hata maji asinywe, na wazee husimulia kwa fahari, pengine wakitia chumvi kidogo, jinsi walivyokwenda masafa hadi kanisani na koo kavu. Papa Pio XII aliruhusu maji mwaka 1953, akaweka saa 3 mwaka 1957. Paulo VI akazipunguza kuwa saa 1 mwaka 1964. Tarehe 4 Desemba 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulikuwa umekwisha kufungulia mlango lugha za watu katika Misa, na maneno yale ya katekisimu yakapanda hadi altareni. Mwaka 1966 siku za lazima za kufunga zikabaki 2, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu.

Mwaka 2025 mwezi wa Ramadhani uliandama mwanzoni mwa Machi, na Jumatano ya Majivu ikaangukia tarehe 5 ya mwezi huo huo, jirani na jirani wakawa katika mfungo kwa wakati mmoja. Basi nawasihi makatekista, hasa wale wapendao kubuni msamiati mpya ili mafundisho yasikike ya kitaalamu, wamwambie mtoto anayejiandaa kwa Kitubio chake cha kwanza kwamba jina la sakramenti hiyo latokana na kutubu, na kwamba neno hilo tulilipata kwa watu wa nyumba ya pili.