Kasi ya intaneti nyumbani ikiyumba, kipimo kianzie kwenye waya

MKONGO wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam mwaka 2009 na kufungua njia ya intaneti ya kasi nchini. Hata hivyo, kwa mkazi wa Maji ya Chai, kando ya barabara kuu ya Arusha–Moshi, kasi anayoilipia yaweza kupotea katika mita chache za mwisho, ndani ya nyumba yake.

Hatua ya kwanza ni kuunganisha kompyuta na modemu kwa waya bila kupitia ruta, kuizima modemu na kuiwasha upya, kisha kupima kasi asubuhi, mchana na usiku. Matokeo yaandikwe pamoja na tarehe na saa.

Iwapo kasi ni nzuri kwa waya lakini ni duni bila waya, kasoro iko upande wa ruta. Iwekwe juu, mahali pa wazi, katikati ya nyumba. Masafa ya gigahezi 2.4 hufika mbali, lakini huingiliwa na ruta za majirani. Chaneli 1, 6 na 11 haziingiliani. Masafa ya gigahezi 5 yana kasi zaidi, ila hudhoofishwa na kuta.

Kasi ikishuka usiku pekee hata kwa waya, huenda kuna msongamano kwa mtoa huduma. Malalamiko huanzia kwake. Mteja asiporidhika, huyafikisha kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA). Hapo ndipo vipimo vilivyoandikwa huwa ushahidi.