Kukimbia Birongo: njia, msimu na adabu za mpita njia

Sisi watu wa Pwani tukitajiwa Kisii hukumbuka ndizi na vinyago vya mawe ya Tabaka. Mimi nilipopelekwa kikazi Birongo, sikuwa na hamu na kitu kingine huko ila siku ya kurudi Mombasa. Tena nilikuwa nimetoka kwa daktari na karatasi isemayo sukari yangu imefika mpakani. Aliniambia nipunguze vitamu, nitembee kila siku, na mwili ukikubali nikimbie mchakamchaka.

Nyumbani ningeshuka ufukweni au kuzunguka Mama Ngina. Birongo hakuna ufuko wala bustani ya kukimbilia. Kuna vilima, michai, migomba na vijia vyembamba baina ya mashamba ya watu. Haya ndiyo niliyojifunza huko, nayaandika kwa mwenye mtoto anayesoma Kisii, mwenye mkwe upande huo, au atakayepelekwa kikazi kama mimi.

Mahali penyewe

Birongo ni wadi ya Nyaribari Chache katika Kaunti ya Kisii, si mbali na mpaka wa Kaunti ya Nyamira. Mji wa Kisii uko kama mita 1,700 juu ya bahari, na vilima vya kuelekea Keroka vimepanda zaidi. Ukifika mita 1,900, kila pumzi unayovuta ina hewa pungufu kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na ya Mombasa. Mtu wa Pwani asishangae moyo ukimdunda kwa kupanda kilima kidogo tu.

Msitu mkubwa usiutafute. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika kaunti nzima ya Kisii, zaidi ya 900 kwa kila kilomita mraba. Miti mingi utakayoikuta ni mikaratusi iliyopandwa na wenye mashamba kwa ajili ya mbao, nguzo na kuni. Kwa hiyo kila kivuli utakachopita chini yake kina mwenyewe.

Hao wenyeji wanajua kukimbia. Nyandika Maiyoro, mwana wa Kisii, alifika fainali ya mita 5,000 katika Olimpiki ya Melbourne 1956 na ya Rome 1960. Naftali Temu ndiye aliyeipatia Kenya dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki, mita 10,000, Mexico 1968. Yobes Ondieki alikuwa binadamu wa kwanza kuimaliza mbio hiyo chini ya dakika 27, Oslo, Julai 1993. Basi ukipitwa kilimani na mtoto wa shule mwenye mkoba mgongoni, usione haya.

Njia nne

Hutazikuta njia hizi kwa majina katika ramani ya simu. Wenyeji huzitaja kwa kanisa, shule, kituo cha kuuzia majani chai, au jina la mwenye boma la karibu. Nazitaja kwa sura na kwa muda, kwa sababu kilima kimoja cha huku kinaweza kukuchosha kuliko kilomita tatu za Nyali.

Ya kwanza ni ya mgongoni mwa kilima, barabara ya murramu inayofuata juu bila kushuka bondeni. Anza nayo. Ni pana, watu wapo, na ukichoka utapata bodaboda. Nenda dakika kumi, geuka, rudi. Ubaya wake ni vumbi wakati wa kiangazi, na magari ya kubeba chai ambayo hayapunguzi mwendo kwenye kona. Kimbia upande wa kulia ili uyaone yanayokujia.

Ya pili ni ya kuzunguka michai. Vijia vya wachumaji ni laini kwa magoti na mandhari yake hupendeza, lakini ni vyembamba. Alfajiri majani hujaa umande na nguo huloa hadi kiunoni. Wachumaji wakiwa kazini, pita kando au rudi barabarani. Wao wako kwenye riziki, wewe uko kwenye mazoezi.

Ya tatu ni ya kushuka kijitoni na kupanda upande wa pili. Hii ndiyo ya kujenga miguu, na ndiyo iliyonitoa machozi mwezi wa kwanza. Shuka kwa hatua fupi, usijiachie, kwani goti huumia katika kushuka zaidi ya kupanda. Daraja la chini mara nyingi ni magogo mawili tu. Mvua ikiwa imenyesha usiku, livuke kwa kutembea.

Ya nne ni ya mikaratusi. Ni baridi, kimya, na chini kumetandikwa majani makavu. Majani hayo huteleza kama sakafu yenye sabuni, na huficha visiki. Tena ni njia isiyo na watu. Mimi sipiti peke yangu. Hupita na wanawake wawili wa jirani, nasi hungoja jua litoke kwanza.

Saa, msimu na mavazi

Jua huchomoza kama dakika 20 baada ya Mombasa. Ukizoea kutoka mara tu baada ya sala ya alfajiri, huku utakuta bado giza. Ngoja hadi saa kumi na mbili na nusu au kupita kidogo.

Mvua haina likizo ya kweli, ila huzidi kati ya Machi na Mei. Kawaida yake ni kuja mchana kuelekea jioni, na huja na radi, pengine na mvua ya mawe. Kwa hiyo mazoezi ni ya asubuhi. Ukisikia ngurumo ukiwa njiani, usijikinge chini ya mkaratusi. Ingia nyumba iliyo karibu, hakuna atakayekufukuza.

Udongo ni mwekundu na ukilowa hushika kiatu. Raba bapa za mjini hazifai, tafuta zenye meno. Mimi hukimbia na suruali pana, dira fupi la pamba juu yake, na mtandio niliofunga nyuma usipepee. Wiki ya kwanza nilitazamwa, wiki ya pili nikasalimiwa, na baada ya hapo nikaulizwa kila nilipokosekana. Chukua sweta jepesi la kufunga kiunoni.

Adabu

Hili ndilo kubwa. Njia nyingi za Birongo hupita mbele ya mlango wa mtu, kando ya jiko lake, wakati mwingine katikati ya ng'ombe wake. Usipite na visikizi masikioni kama uliye peke yako duniani. Punguza mwendo, salimia. Asubuhi husemwa *Bwakire buya*, na shukrani ni *Mbuya mono*. Usishangae ukisikia mtoto akimwita mwanamke "Baba". Kwa Ekegusii *baba* ni mama, na *tata* ndiye baba. Mimi nilicheka siku ya kwanza, nikachekwa siku ya pili.

Mbwa wengi hubweka tu. Simama, tembea, na umwite mwenye nyumba. Ukikimbia atakufukuza. Usichume kitu shambani, hata pera moja.

Njia inapofungwa

Asubuhi moja nilifika kwenye kijia cha kushukia kijitoni nikakuta seng'enge. Ndugu wawili walikuwa wamegawana shamba la marehemu baba yao, na kila mmoja alitaka kipande chake kizima. Huku ardhi ni ndogo na watoto ni wengi, hivyo sikuweza hata kuwalaumu. Nilikuwa nageuka nirudi niliposikia mama mmoja mzee akiniita kutoka ng'ambo ya ua.

"Mwalimu, pita kwangu. Watoto wa shule nao wanapita hapa."

Nikamwambia sitaki kumletea maneno na majirani. Akanijibu kwamba maneno yatakuja iwapo hakuna anayepita, kwa sababu njia isiyopitwa hulimwa. Baada ya wiki kadhaa wazee walikaa na wale ndugu wawili, seng'enge ikasogezwa hatua moja na nusu, na kijia kikabaki. Ni chembamba kuliko zamani, ila watoto wanapita, na mimi napita.

Maneno ya yule mama yalinichoma, kwani nilipokuwa mdogo tulikuwa na kichochoro cha kuteremkia baharini, baina ya viwanja viwili. Tulikitumia kwenda kuogelea, na wavuvi walikitumia kupandishia samaki. Siku hizi pana ukuta na bawabu. Sikumbuki mtu yeyote wa mtaani akienda kuuliza. Kila mmoja wetu alidhani mwenzake ataenda.

Kwa hiyo nimejifunza kuuliza mapema. Kuna njia zilizochorwa katika ramani za ardhi kuwa ni za umma, na kuna njia za hisani tu, ambazo mwenye shamba amewaachia watu. Ya kwanza hana ruhusa ya kuifunga. Ya pili hudumu kwa ujirani mwema. Mzee wa mtaa au naibu wa chifu hujua ipi ni ipi, na ofisi ya upimaji ardhi ina ramani. Nairobi, mwaka 1999, Wangari Maathai na wenzake walipigwa wakitetea msitu wa Karura usigawiwe. Leo maelfu hukimbia humo. Kwetu na Birongo mara nyingi haifiki huko, yatosha kuuliza kabla ukuta haujakauka.

Pa kuanzia

Shirika la Afya Duniani lapendekeza angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Mimi nilianza na 20 kwa siku, njia ya mgongoni, dakika moja ya kukimbia na mbili za kutembea. Mwenye sukari au presha amwone daktari kwanza, na mwenye kutumia dawa za sukari asitoke bila kitu kitamu mfukoni. Wiki mbili za mwanzo usizipimie mwili, bado unazoea hewa. Ukirudi, uji wa wimbi usiotiwa sukari hushiba vizuri.

Karatasi yangu ya mwisho ilisema sukari imeshuka chini ya mpaka. Likizo ijayo nikirudi Mombasa nina safari nyingine, ya ofisi ya ardhi, kuuliza habari za kile kichochoro. Nanyi mlioko huko, kama mtaani kwenu bado ipo njia ya kwenda baharini, ipiteni.