Biashara 15 zilizokatazwa kwa wasio raia: mambo ya kujua kabla hujaazimisha leseni yako

Tarehe 28 Julai 2025 Serikali ilichapisha Amri ya Leseni za Biashara inayokataza watu wasio raia wa Tanzania kufanya aina 15 za biashara. Amri hiyo ilitolewa na aliyekuwa Waziri wa Viwanda na Biashara, Selemani Jafo, chini ya Sheria ya Leseni za Biashara, Sura ya 101.

Wengi huku kwetu waliipokea kama habari ya Kariakoo, jambo la maduka ya wageni Dar es Salaam. Ukiisoma orodha yenyewe, hata hivyo, utaziona Katoro, Kahama, Nyarugusu na Maganzo ndani yake: uchimbaji mdogo, uwakala wa pesa, ufundi simu, saluni, ununuzi wa mazao shambani.

Katika makala haya tunaeleza Amri inasema nini na inamgusa nani. Tunaeleza pia jambo ambalo vijiweni halizungumzwi sana: Amri hii ina adhabu kwa Mtanzania vilevile.

Amri ilitoka wapi

Kwa muda mrefu wafanyabiashara wa Kariakoo walilalamika kwamba wageni walioingia nchini kama wawekezaji wanauza bidhaa rejareja, hata kwa kupanga chini, na kuwabana wenyeji. Mapema mwaka 2025 Wizara iliunda kamati ya kuchunguza malalamiko hayo, na miezi michache baadaye Amri ikatoka. Inahusu nchi nzima, kuanzia Kariakoo hadi gulio la kijiji.

Biashara zenyewe ni hizi

1. Biashara ya jumla na rejareja, isipokuwa supamaketi na maduka maalumu ya jumla ya wazalishaji wa ndani
2. Huduma ya kutuma na kutoa pesa kwa simu
3. Ufundi wa simu na vifaa vya kielektroniki
4. Saluni, isipokuwa iliyo hotelini au ya shughuli za utalii
5. Usafi wa nyumba, ofisi na mazingira
6. Uchimbaji mdogo wa madini
7. Huduma za posta na usafirishaji wa vifurushi ndani ya nchi
8. Kuongoza watalii
9. Kuanzisha na kuendesha redio na televisheni
10. Makumbusho na maduka ya vinyago na kumbukumbu za kitalii
11. Udalali na uwakala wa biashara, nyumba na viwanja
12. Uwakala wa forodha na upakiaji mizigo
13. Ununuzi wa mazao shambani
14. Kumiliki au kuendesha mashine za kamari nje ya kasino
15. Kumiliki na kuendesha viwanda vidogo na vidogo sana

Mamlaka zinazotoa leseni haziruhusiwi kumpa asiye raia leseni mpya ya biashara hizi wala kumhuishia ya zamani. Aliyekuwa na leseni halali Amri ilipoanza aliruhusiwa kuendelea hadi leseni hiyo iishe. Leseni ya biashara hudumu miezi 12, kwa hiyo muda wa kuvumiliwa ulikuwa mfupi.

Adhabu ni mbili, si moja

Asiye raia akipatikana na hatia, anatozwa faini isiyopungua shilingi milioni 10 au kufungwa jela kwa muda usiozidi miezi 6. Pamoja na hayo anafutiwa viza na kibali cha ukaazi.

Raia anayemsaidia asiye raia kufanya biashara hizo naye anakosa. Adhabu yake ni faini ya shilingi milioni 5 au kifungo cha miezi 3.

Sehemu hii ya pili ndiyo inayotugusa zaidi. Katika miji yetu ya dhahabu na almasi, mara nyingi mgeni hafungui biashara kwa jina lake. Anamtafuta mwenyeji mwenye kitambulisho na namba ya mlipa kodi, anampa chochote kila mwezi, na biashara inasimama kwa jina la mwenyeji. Mkaguzi akifika, jina analolikuta kwenye karatasi ni la mwenyeji huyo.

Machimboni

Kwa wachimbaji, katazo lenyewe si geni. Sheria ya Madini ya mwaka 2010 imeitenga leseni ya uchimbaji mdogo, ile tunayoiita PML, kwa Watanzania na kampuni ambazo wanahisa wake wote ni Watanzania. Leseni hiyo hutolewa kwa miaka 7, na kwa dhahabu eneo lake halizidi hekta 10. Amri ya 2025 imeongeza nguvu ya sheria ya leseni za biashara juu ya katazo ambalo tayari lilikuwapo.

Mtego uko kwenye ufadhili. Mchimbaji mdogo anahitaji mtaji wa pampu, kompresa, magogo na karasha, na benki nyingi hazikubali duara kuwa dhamana. Mfadhili kutoka nje akija na mashine, makubaliano huanza kama msaada. Baada ya miezi kadhaa mgeni ndiye anayeajiri, anayeamua mgao wa mifuko ya mawe na anayesimamia uchenjuaji. Mwenye leseni anabaki kusubiri fungu lake.

Hapo leseni ni ya Mtanzania lakini uchimbaji ni wa mgeni. Ada ya mwaka isipolipwa, mazingira yakiharibiwa au duara likiporomoka na watu wakapoteza maisha, anayeitwa kujibu ni mwenye leseni.

Ghana ilipita njia hiyo kabla yetu. Sheria yake ya madini ya mwaka 2006 ilitenga uchimbaji mdogo kwa raia. Hata hivyo maelfu ya wachimbaji kutoka China waliingia, wengi wao kwa mgongo wa Waghana wenye leseni au wenye ardhi. Mwaka 2013 Serikali ya Ghana iliendesha operesheni na kuwarudisha kwao maelfu. Wageni waliondoka, lakini mito iliyochafuka na mashamba yaliyochimbuliwa vilibaki kwa wenyeji.

Kama unahitaji mtaalamu au mashine kutoka nje, anza na ofisi ya Afisa Madini Mkazi. Makubaliano ya msaada wa kiufundi yana utaratibu wake, na yaandikwe na kupitishwa huko kabla mashine haijashushwa.

Fremu, laini ya wakala na mashine ya baa

Chukulia mama mwenye laini ya uwakala mjini Katoro. Mgeni anamwomba aikodishe laini hiyo kwa malipo ya kila mwezi, yeye apumzike nyumbani. Fedha inaonekana rahisi. Lakini laini imesajiliwa kwa kitambulisho na alama za vidole vya mama huyo. Ikitumika kutapeli watu, polisi wataanza na yeye. Mapato yakipita kwenye namba yake ya mlipa kodi, Mamlaka ya Mapato itamkadiria yeye. Na sasa kuna Amri inayoweza kumfikisha mahakamani kwa kumsaidia asiye raia.

Hali ni hiyohiyo kwa mashine za kamari za kutumbukiza sarafu, zile zinazowekwa kwenye baa na maduka ya vijijini. Mwenye baa hupewa asilimia ya makusanyo bila kuuliza mashine ni ya nani. Tunashauri aulize, na aombe kuona kibali cha Bodi ya Michezo ya Kubahatisha na jina lililoandikwa humo.

Mwenye fremu naye ajiulize swali moja kabla ya kupokea kodi: mpangaji huyu anaweza kupata leseni ya biashara anayotaka kuifanya? Kama hawezi, usishangae siku chache baadaye akikuomba uweke jina lako.

Mkulima na mnunuzi wa shambani

Mpunga wa Kahama na Shinyanga hununuliwa pia na wafanyabiashara wa nchi jirani. Amri inataja ununuzi wa mazao shambani. Maana yake mnunuzi asiye raia hatakiwi kuzunguka vijijini akinunua mlangoni kwa mkulima. Udalali nao umo kwenye orodha, kwa hiyo hawezi kuwa dalali pia.

Kuna pande mbili hapa. Wapo wakulima wanaosema mnunuzi wa nje alileta ushindani na bei ikapanda. Wapo wanaokumbuka mazao yaliyonunuliwa yangali shambani kwa bei ya kutupa, na mizani ambayo hakuna aliyeikagua. Amri inamwachia mwenyeji kazi ya kununua shambani. Haimhakikishii mkulima bei nzuri. Mkulima bado anahitaji kupima kwa mizani iliyohakikiwa, kuuliza bei ya soko kabla ya kukubali, na kufuata utaratibu wa AMCOS kwa mazao yanayouzwa kwa njia hiyo kama pamba.

Nani ni raia?

Hapa tunaomba utulivu. Mikoa yetu ina watu wa asili nyingi, na lafudhi ya mtu haithibitishi uraia wake. Uraia wa Tanzania hupatikana kwa kuzaliwa, kwa kurithi au kwa tajnisi. Aliyepata uraia kwa tajnisi ni raia na biashara hizi ni halali kwake. Mwaka 2014, kwa mfano, zaidi ya watu 160,000 waliokuja kama wakimbizi kutoka Burundi mwaka 1972, pamoja na watoto wao, walipewa uraia wa Tanzania. Hao si wageni.

Upande wa pili, ndoa peke yake haimfanyi mtu kuwa raia, hata akiwa na watoto hapa. Kitambulisho cha NIDA nacho kisomwe vizuri, maana NIDA huwahudumia raia, wageni wakaazi na wakimbizi, kila kundi kwa kitambulisho chake.

Kazi ya kuhakiki uraia ni ya Idara ya Uhamiaji. Jirani, mgambo wa soko au mshindani wa biashara hana mamlaka ya kumfungia mtu duka wala kuchukua mali yake. Ukiwa na shaka, toa taarifa na uwaache wahusika wafanye kazi yao.

Majirani wanasemaje

Kenya ililalamika mara tu Amri ilipotoka, ikisema inakwenda kinyume na Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010 na inayowapa raia wa nchi wanachama haki ya kufungua shughuli katika nchi nyingine za Jumuiya. Jambo hili lina uzito kwetu, kwa sababu Watanzania nao wanafanya biashara Nairobi, Kampala na Kigali. Lakini mabishano ya Serikali hayamkingi mtu mmoja mmoja mbele ya mkaguzi.

Ukitaka kuwa salama

Pata leseni yako mwenyewe. Anza na namba ya mlipa kodi TRA, kisha omba leseni ya halmashauri kupitia mfumo wa TAUSI au nenda kwa Afisa Biashara akusaidie. Biashara za ngazi ya kitaifa na kimataifa hupewa leseni na BRELA. Amri imemzuia asiye raia, lakini haikumwondolea Mtanzania wajibu wa kuwa na leseni.

Usiazimishe leseni, PML, laini ya wakala, namba ya mlipa kodi wala kitambulisho.

Kama tayari jina lako liko kwenye biashara ya mtu mwingine, usisubiri mkaguzi. Nenda kwa Afisa Biashara au Afisa Madini Mkazi, kulingana na shughuli, uulize namna ya kujiondoa, na utunze nakala ya kila karatasi uliyosaini.

Kuajiriwa na mgeni katika biashara anayoruhusiwa kuifanya si kosa. Kumuuzia kuku, mchele au chakula si kosa. Kosa ni kumsaidia kufanya biashara aliyokatazwa, na kwenye leseni, mkataba na laini, jina litakalosomwa ni lako.