Mashine Haina Hadhi

Juzi niliitwa kwenye kiwanda kimoja cha soda kutazama programu mpya ya kufuatilia mitambo. Chupa zilikuwa zimekwama mlangoni mwa mashine ya kujazia, na kwenye skrini yakawaka maandishi mekundu: HADHI YA MASHINE: IMESHUKA. Kijana wa zamu akanigeukia. "Mzee, imeshushwa cheo?"

Sikucheka. Hadhi hiyo naijua ilikozaliwa: kwenye kikao cha istilahi, kwa wajuzi waliofungua kamusi, wakakuta neno la Kiingereza *status* lina maana mbili, wakaokota ile isiyohusika. Hadhi ni ya hakimu, ni ya chuo. Mashine ina hali. Kila asubuhi twaulizana "U hali gani?" Hebu muulize mtu "Una hadhi gani?" uone kama mtaagana salama.

"Hali ya mashine" niliipeleka mimi mwenyewe mbele ya kikao hicho. Ikarudishwa na maelezo kwamba ni neno la mitaani, halina uzito wa kitaalamu. Yaani hali imenyimwa kiti kwa kukosa hadhi!

Laiti wangechimba kidogo. Neno la Kiingereza limetoka kwenye kitenzi cha Kilatini cha kusimama. Hali imetoka kwenye mzizi wa Kiarabu wa kugeuka. Ndugu zake ni hawala, fedha inayohamishwa. Hila, werevu wa kugeuza mambo. Na muhali, jambo lililopinduka hata haliwezekani. Sasa, kanuni tunazozipanga kwenye programu hizi zina kazi gani, kama si kusoma tukio lililorekodiwa na kuigeuza mashine toka hali hii hadi ile? Kiwango cha PackML cha mitambo ya ufungashaji kina hali 17, na zaidi ya nusu ni za mpito: ndiyo kwanza inaanza, imo njiani kusimama. Neno letu linaijua kazi hii kuliko lile lililotafsiriwa.

Matumizi yake ni mepesi: mota inazunguka na chupa haijapita kwa sekunde 30, hali ni *inasubiri*; kengele imelia na mota imezimika, hali ni *hitilafu*; kitufe cha dharura kikibonyezwa, kanuni yake itangulie zote. Basi.

Kijana yule alizing'oa chupa mbili kwa mkono. Mota ikanguruma, na skrini ikatangaza kwamba hadhi imerejea. Akaipigia saluti.